Kano ya bega imechanika baada ya kuanguka: nipasuliwe au nifanye mazoezi?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 52, ni mpishi wa shule ya bweni hapa Tanga. Wiki nane zilizopita niliteleza jikoni kwenye sakafu yenye maji nikaangukia mkono wa kulia, ambao ndio ninaoutegemea. Eksrei ilionyesha mfupa mzima, nikapewa dawa za maumivu. Maumivu yamepungua, lakini mkono hauinuki kupita usawa wa bega na usiku siwezi kulalia upande huo. Kabla ya hapo bega halikuwahi kunisumbua. Sasa nimepiga MRI, wameandika kano ya supraspinatasi imechanika unene wote, sentimita 2, imerudi nyuma kidogo, msuli haujaingiwa na mafuta. Daktari wa kwanza anasema nipasuliwe mapema. Wa pili anasema nichomwe sindano ya steroidi na nifanye mazoezi, nisikimbilie kisu. Nina kisukari mwaka wa sita sasa, natumia vidonge. Shangazi wa mume wangu alipasuliwa bega na mpaka leo haliinuki. Nifuate la nani?

Jibu: Marahaba dada yangu, na pole sana. Kwa maelezo yako kama yalivyo, naegemea kwa daktari wa kwanza. Kwa bega kama hili upasuaji una sababu nzuri, na una muda wake. Lakini daktari wa pili naye hajasema jambo la ovyo. Ushauri wake ni sahihi kabisa kwa mgonjwa mwingine, mwenye picha inayofanana na yako lakini aliyefika hapo kwa njia tofauti. Nitakaa sana kwenye tofauti hiyo, maana wagonjwa wengi hupasuliwa bila kuhitaji, na wengine huchelewa hadi kushona hakuwezekani tena, kwa sababu tu kila mtu alitazama picha na hakuna aliyeuliza bega liliumia vipi. Kumbuka pia kwamba bega lako sijalishika. Atakayelishika ndiye mwenye neno la mwisho.

Bega linazungukwa na misuli minne midogo inayotoka kwenye kombe la bega. Kano zake hukishika kichwa cha mfupa wa mkono pande zote kikae katikati ya bakuli lake. Supraspinatasi ndiyo inayopita juu, na ndiyo inayochanika mara nyingi kuliko zote. Ule msuli mnene wa nje ya bega, deltoidi, una nguvu nyingi za kuinua mkono, lakini kano hizi zisipokishika kichwa cha mfupa, deltoidi hukivuta juu badala ya kuuzungusha mkono. Ndiyo maana unaweza kuwa na mkono wenye misuli iliyojaa na bado sufuria ikakushinda kuifikisha rafuni.

Kano hizi huchanika kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya kuchakaa. Miaka inapokwenda kano hupungua unene, nyuzi zake hulegea, na siku moja tundu hujitokeza bila ajali yoyote, au kwa jambo dogo kama kuvuta ndoo. Ya pili ni ya ajali, kano iliyokuwa ikifanya kazi vizuri inang'oka kwenye mfupa kwa kuanguka au kuvutwa kwa nguvu. Kanga iliyochakaa ikitoboka, ukiishona uzi unaweza kukata pembeni ya mshono, lakini kanga nzima iliyonaswa na msumari ikachanika hushika uzi vizuri ukiiwahi. Kwenye MRI matundu hayo mawili yanaweza kuonekana sawasawa.

Michaniko ya kuchakaa ni mingi mno mitaani. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani waliwapiga MRI watu 96 ambao mabega yao hayakuwa na maumivu wala historia ya kuumia. Kati ya wenye miaka zaidi ya 60, zaidi ya nusu walikuwa na kano zilizochanika, nusu unene au unene wote, na walikuwa wakiendelea na shughuli zao. Kwa hiyo mtu wa miaka 65 mwenye bega linalouma polepole, akipiga picha na kuonekana tundu, hatuna hakika hata kidogo kwamba tundu hilo ndilo linalomuumiza. Utafiti mwingine wa Marekani uliwafuatilia watu 452 wenye kano iliyochanika unene wote bila ajali, wakaanzishwa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi. Baada ya miaka miwili, chini ya robo walikuwa wamepasuliwa. Jambo moja kwenye utafiti huo hulitaja mara kwa mara kwa wagonjwa wangu: kilichotabiri zaidi nani atapasuliwa kilikuwa imani ya mgonjwa kwamba mazoezi yatamsaidia au hayatamsaidia. Ukubwa wa tundu haukuwa na nguvu hiyo. Nchini Finland nako, mwaka 2014, waliwalinganisha wagonjwa wa zaidi ya miaka 55 wenye michaniko ya supraspinatasi isiyo ya ajali. Waliofanya mazoezi pekee hawakuachwa nyuma na walioshonwa.

Bila shaka haya ndiyo aliyokuwa nayo kichwani daktari wako wa pili, na kwa wagonjwa wa namna hiyo mimi mwenyewe ninayefanya kazi ya kupasua huanza na mazoezi ya miezi mitatu kabla ya kutaja chumba cha upasuaji. Lakini tafiti hizo ziliwaacha nje watu walioumia kama wewe.

Wewe ulikuwa na bega linalokoroga ugali wa wanafunzi kila siku, ukaanguka, na mkono ukakataa kuinuka. MRI inasema msuli haujaingiwa na mafuta. Hiyo ni dalili nzuri, na inakubaliana na jeraha jipya. Hata hivyo jiulize kwa uaminifu, na umjibu daktari wako hivyohivyo: mwaka mmoja au miwili kabla ya kuanguka, hukuwahi kuamka usiku kwa bega, au kuanza kuutumia zaidi mkono wa kushoto kutundika vitu? Kwa umri wa miaka 52 inawezekana kano ilikuwa imeshaanza kuchakaa na ajali ikaimalizia. Jibu hilo halifuti upasuaji, ila linapunguza uharaka wake.

Sitakuficha kwamba hata kwa michaniko ya ajali ushahidi hauko upande mmoja. Sweden mwaka 2020 walichapisha matokeo ya wagonjwa 58 walioumia kwa ajali wakapata michaniko midogo ya supraspinatasi. Nusu walishonwa, nusu wakafanya fiziotherapia, na baada ya mwaka mmoja maumivu na utendaji wa mkono havikutofautiana kwa maana. Lakini kwa zaidi ya robo ya wale ambao hawakushonwa, mchaniko ulikuwa umekua. Mwaka mmoja ni muda mfupi kwa mtu anayetaka kuutumia mkono huu miaka mingi ijayo. Norway waliwafuatilia wagonjwa wenye michaniko midogo na ya kati kwa miaka kumi, wengine wakiwa wameshonwa na wengine wakiwa wameanza na mazoezi. Mwanzoni tofauti ilikuwa ndogo, miaka ilivyokwenda ikapanuka kwa faida ya walioshonwa, na takriban robo ya walioanza na mazoezi walihamia kwenye upasuaji. Mchaniko wako wa sentimita 2 unaangukia kundi la kati, umeshaanza kurudi nyuma, mkono bado ni dhaifu baada ya wiki nane, na kazi yako yote iko mabegani. Nikiyaweka yote hayo pamoja ndipo mizani yangu inapolalia upasuaji.

Suala la muda lina sababu yake mwilini. Msuli ambao kano yake imeng'oka hauna cha kuvuta. Hunywea, hujivuta kuelekea kwenye kombe la bega, na mafuta huanza kujaza nafasi kati ya nyuzi zake. Daktari Mfaransa Goutallier na wenzake walilipangia jambo hilo madaraja mwaka 1994, kuanzia 0 ambapo hakuna mafuta hadi 4 ambapo mafuta yameuzidi msuli, na madaktari wa mabega bado wanayatumia. Mafuta hayo hayarudi yalikotoka. Hata kano ikishonwa vizuri, msuli haurejei kuwa kama ulivyokuwa. Kwa majeraha ya ajali wapasuaji wengi hupenda kushona ndani ya miezi mitatu hadi minne. Wewe uko wiki ya nane. Kwa hiyo hakuna sababu ya kusaini fomu kesho asubuhi kwa hofu, na hakuna sababu ya kungoja mpaka mwaka wa shule uishe. Una kama wiki nne hadi sita za kujiandaa, na una kazi ya kuzifanyia.

Kwanza, ijulikane kama bega lako ni dhaifu tu au limeganda pia. Lala chali kitandani, ulegeze mkono kabisa, mwanao au mumeo auinue taratibu kuelekea kichwani. Ukipanda karibu na mwisho kwa kusaidiwa lakini ukiwa peke yako haupandi, tatizo ni kano. Ukigoma hata kwa kusaidiwa, kana kwamba umefungwa kwa ndani, bega limeganda, na wenye kisukari huganda mabega mara nyingi zaidi kuliko watu wengine. Jaribu vilevile kuzungusha kiganja kwenda nje kiwiko kikiwa kimegusa ubavu, maana bega lililoganda hupoteza mzunguko huo mapema. Kulipasua bega lililoganda huzidisha kuganda, kwa hiyo likiwa hivyo, mazoezi ya kulilegeza hutangulia. Gusa pia ngozi ya nje ya bega, chini kidogo ya ncha yake. Ikiwa ina ganzi, mwambie daktari, kwa sababu kuanguka kunaweza kuumiza neva inayoendesha deltoidi, na hapo mpango wote hubadilika.

Jambo la pili ni sukari. Hukuandika ipo kiasi gani, na mimi nisingekupasua kabla ya kujua. Omba kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, siyo kile cha kuchoma kidole pekee. Kikiwa chini ya asilimia 7 uko pazuri. Kikipita asilimia 8, kano hushika vibaya kwenye mfupa, vidonda hupata usaha kwa urahisi, na bega huganda zaidi baada ya upasuaji. Hapo wiki zako nne hadi sita zina kazi kubwa kuliko kutafuta mpasuaji maarufu. Rudi kliniki ya kisukari, dawa zipangwe upya, hata kama ni kuanza insulini kwa kipindi. Wagonjwa wengi wanaiogopa insulini kana kwamba ni hukumu, lakini hapa inaweza kutumika kwa muda kuupitisha mwili kwenye upasuaji na uponaji. Kipimo chenyewe hushuka polepole kwa sababu kinabeba miezi iliyopita, kwa hiyo daktari ataangalia pia sukari zako za asubuhi za wiki hizi za karibuni. Wewe uko jikoni siku nzima, na najua mpishi huonja uji na ukoko wa wali bila kuhesabu. Vihesabu sasa. Na kama unavuta sigara au ugoro, acha kabisa, maana nikotini hubana mishipa midogo ya damu inayolisha kano.

Sindano ya steroidi ingekupa nafuu ya wiki chache, pengine miezi miwili, na usingizi ungerudi. Kwa mtu aliyeamua kutopasuliwa inaweza kumfungulia mlango wa mazoezi. Kwako nasema isubiri. Ikichomwa karibu na upasuaji, hasa ndani ya mwezi mmoja kabla, hatari ya maambukizi huongezeka, na kwa mwenye kisukari hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Ukishachomwa ungelazimika kungoja, na kungoja ndicho ambacho huna nafasi nacho. Kuchuliwa na kukandwa nako hakuunganishi kano na mfupa. Kukanda taratibu shingo na mgongo kwa ajili ya faraja hakuna ubaya, ila usimruhusu mtu yeyote aushike mkono wako na kuuvuta kwa nguvu "urudi mahali pake". Hakuna mfupa uliotoka mahali pake kwenye picha yako.

Sasa upasuaji wenyewe. Unalazwa kwa nusu kaputi, na mara nyingi huongezwa ganzi ya shingoni inayoufanya mkono wote usiwe na hisia kwa saa 12 hadi 24. Usishtuke vidole visipotikisika usiku wa kwanza. Mpasuaji husafisha ukingo wa kano, huukwangua mfupa pale ilipong'oka ili utoe damu kidogo, kisha huifunga kano kwa nyuzi zilizoshikizwa na nanga ndogo zinazoingizwa mfupani. Hufanyika kwa kamera na matundu madogo, au kwa kufungua sentimita chache pembeni ya bega. Hapa nakuomba usisumbuke bure. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka mwaka 2017 ulilinganisha njia hizo mbili na haukuona tofauti ya maana kwa mgonjwa. Ukipata nafasi ya kamera kwenye kituo kama MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, vizuri. Ukiambiwa foleni ni ya miezi mitano, na kuna daktari bingwa wa mifupa mwenye uzoefu wa mabega anayeweza kukushona kwa njia ya kufungua mwezi ujao, mimi ningekwenda kwa huyo. Njia ya kufungua inaweza pia kufanyika kwa kupitisha nyuzi kwenye vitundu vya mfupa bila nanga, na nanga ndizo zinazopandisha bili. Kitu kimoja tu usikubali kiwe ndiyo tiba nzima, nacho ni kukwangua mfupa wa juu ya bega "kupanua nafasi" bila kushona kano. Kwa maumivu ya bega ya kawaida, majaribio ya Uingereza na Finland ya mwaka 2018 yaliulinganisha upasuaji huo na upasuaji wa kuigiza, ambapo kamera iliingizwa bila kukwangua chochote, na tofauti haikuwa na maana kwa wagonjwa.

Utafiti huo wa 2017 ulionyesha jambo jingine ambalo kila mgonjwa anastahili kuambiwa kabla ya kusaini. Picha za baada ya mwaka mmoja zilionyesha kwamba takriban kano nne katika kila kumi hazikuwa zimeshika au zilikuwa zimechanika upya. Wagonjwa wale walikuwa na miaka 50 na kuendelea, na wengine walikuwa na michaniko mikubwa kuliko wako, kwa hiyo kwako natarajia uwezekano mdogo zaidi ya huo. Na hata ambao kano zao hazikushika walisema wana nafuu kuliko kabla, ingawa waliopona kabisa waliwazidi. Maambukizi ya ndani ya bega hutokea kwa chini ya mmoja katika mia kwa njia ya kamera, na kisukari kisichodhibitiwa huongeza hatari hiyo.

Kuhusu shangazi, muulize mambo mawili: alikuwa na umri gani, na alikaa muda gani kabla ya kupasuliwa? Inawezekana kano yake ilishindwa kufika mfupani. Inawezekana ilishonwa vizuri lakini bega likaganda kwa sababu hakuna aliyemfundisha mazoezi. Hilo la pili nimeliona mara nyingi kuliko ningependa: mgonjwa anatoka hospitali na mkanda wa kubebea mkono, anaambiwa "usiuchezeshe", na hakuna anayemwambia auanze lini na vipi. Ndiyo maana ningekushauri uwe na miadi ya fiziotherapia mkononi kabla ya tarehe ya upasuaji. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo hivyo. Nenda ujionee Bombo, hospitali ya rufaa ya hapo Tanga, kama utaweza kuhudhuria kila wiki. Kama hakuna fiziotherapia unayoweza kuifikia kwa miezi minne, nitakuwa mzito kukushauri upasuliwe, hata mpasuaji awe hodari namna gani.

Uponaji ni mrefu, na hapa ndipo familia na mwajiri wako wanapotakiwa kuelewa. Wiki nne hadi sita za kwanza mkono unakaa kwenye mkanda usiku na mchana, unatolewa kwa kuoga, kuvaa na mazoezi ambayo mkono huo unainuliwa na mtu mwingine au kwa mkono wa kushoto. Utalala nusu kukaa, mito ikiwa nyuma ya mgongo na chini ya kiwiko. Chooni, kuvaa, kufunga kanga, kutawadha, vyote kwa kushoto, kwa hiyo anza kuvijaribu sasa. Baada ya wiki ya sita unaanza kuuinua mwenyewe bila uzito wowote, na kikombe cha chai ndicho kiwango chako. Mazoezi ya nguvu hungoja wiki ya kumi na mbili. Hatari kubwa iko kati ya wiki ya nane na ya kumi na mbili, kwa sababu maumivu yameondoka na mtu anajiona amepona, wakati kano bado haijawa na nguvu ya kubeba kazi. Kukoroga ugali wa sufuria ya shule kwa mwiko mrefu ni miongoni mwa kazi nzito kabisa kwa bega, maana unasukuma, unavuta na kuinua kwa pamoja. Usiufikirie kabla ya miezi sita, na usishangae ikiwa tisa. Kuchambua mchele, kusimamia stoo na kupanga zamu unaweza kurudia mapema zaidi, mkono ukiwa karibu na mwili.

Umeumia kazini, na hukulitaja hilo kama jambo la maana, lakini ni la maana sana. Tanzania Bara tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015, kwa ajili ya walioajiriwa serikalini na sekta binafsi. Unagharimia matibabu ya mtu aliyeumia akiwa kazini na kumlipa fidia kipindi ambacho hawezi kufanya kazi. Mwajiri ndiye anayetakiwa kuwasilisha taarifa ya ajali. Nenda kwa mkuu wa shule wiki hii na barua, taja tarehe, saa na aliyekuona ukianguka, ambatisha karatasi ya siku uliyopigwa eksrei. Madai haya yana ukomo wa muda, usiliache liwe la baadaye. Hata kama umeajiriwa na bodi ya shule bila mkataba mzuri, uliza ofisi ya WCF wenyewe kabla ya kukubali kuambiwa hustahili. Kama matibabu yatapitia bima yako ya afya, omba jibu la maandishi kuhusu nanga: zinalipiwa ngapi, na zipi utanunua mwenyewe. Wagonjwa wengi hukwama siku ya kulazwa kwa sababu ya kitu hicho kidogo.

Ukirudi kwa mpasuaji, muulize kano zako nyingine tatu zikoje, kama anatarajia iliyochanika itafika mfupani bila kuvutwa kwa nguvu, na ni mara ngapi kwa mwaka anashona mabega. Daktari mzuri hachukii maswali hayo.

Ningebadilisha msimamo wangu kama yangejitokeza haya: HbA1c yako iko juu sana na haishuki, bega limeganda, wiki hizi za kujiandaa zikurudishie mkono hadi juu ya kichwa bila maumivu makubwa, au shule iseme wazi kwamba hawatakupa muda wa kupona. Kurudi kwenye mwiko wiki ya nane na kano iliyoshonwa ni kuichana upya, na hapo ungekuwa umelipia kidonda bure. Hali hizo zikiwepo, mazoezi ni njia halali na ifanyike kwa bidii ileile ambayo mtu angeipa upasuaji. Lala chali, shika mkono wa kulia kwa kushoto, uinue hadi uelekee darini, kisha uuachie usimame wenyewe na uuyumbishe taratibu mbele na nyuma kwa dakika tano, mara tatu kwa siku. Ukiwa mwepesi, shika chupa ya maji ya nusu lita. Baadaye inua mgongo kidogo kidogo kwa mito mpaka uweze kulifanya ukiwa umekaa. Ongeza mazoezi ya kurudisha makombe ya mabega nyuma na ya kuzungusha mkono nje kwa mpira mwepesi, ukiongozwa na mfiziotherapia. Ipe njia hii wiki kumi na mbili kamili.

Katika kipindi hicho usipotee. Ultrasaundi ya bega ikipigwa na mtu aliyezoea huonyesha mchaniko wa unene wote karibu sawa na MRI kwa gharama ndogo zaidi, basi ipigwe baada ya miezi mitatu na tena baada ya sita kuona kama tundu linakua. Tundu likikua au mkono ukizidi kudhoofika kabla ya miezi hiyo kuisha, rudi kwa daktari wa kwanza siku hizohizo, na umpelekee picha zote mbili azilinganishe.